Vipimo vitatu vya uvimbe wa kwapani, majibu matatu: tuamini kipi?

#1 Subira_Njema
Salaam wanajukwaa. Nina umri wa miaka 43. Wiki saba zilizopita, nikiwa naoga, vidole vyangu viligusa kinundu katika kwapa la kushoto, kigumu kiasi, kisichouma, kinachoteleza kidogo kikibonyezwa. Nilidhani ni mtoki wa kawaida na nikaupa muda utulie. Wiki ya nne ilipofika bila kupungua nilikwenda hospitali, na tangu siku hiyo nimefanyiwa vipimo vitatu ambavyo kila kimoja kimekuja na habari yake.

Mamografia imesema matiti yote mawili hayana dosari inayoonekana. Ultrasaundi ya kwapa imesema ipo tezi moja ya limfu yenye urefu wa milimita 19, gamba lake limenenepa upande mmoja kufikia milimita 5, na kiini chake cha mafuta kimesukumwa pembeni. Mwishoni pameandikwa kuwa tezi hiyo inatia shaka. Baada ya hapo nilichomwa sindano nyembamba, na maabara imejibu kwamba zimeonekana granuloma na hazikuonekana seli za saratani.

Sasa daktari anataka nirudi achukue kinyama kwa sindano nene. Swali langu ni hili: kama mamografia ni safi, na sindano ya kwanza haikukuta saratani, hii ya pili inatafuta nini? Na hiyo granuloma ni ugonjwa gani?

#2 Mtulivu77
Pole sana dada Subira. Kwa uelewa wangu, mamografia ikishasema titi ni safi, habari ya saratani imekwisha. Granuloma ni jina jingine la kifua kikuu, kwa hiyo bora wakuanzishie dawa mapema kuliko kukutoboatoboa, maana sindano huchokoza uvimbe uliolala na kuusambaza mwilini. Pia acha deodoranti, kwa sababu ndiyo inayoziba kwapa na kuzuia sumu kutoka.

#3 Picha_za_Ndani
Ndugu Mtulivu77, ndani ya aya moja umeweka makosa manne, na kwa kuwa mwenye uzi yuko katika kuamua, itanibidi niyagusie. Kazi yangu ya kila siku ni ultrasaundi, kwa hiyo nitajibu yale ya picha na kuwaachia wengine yaliyobaki.

Mamografia hubana titi kati ya mabamba mawili na kulipiga eksirei. Katika picha inayopigwa kwa mshazari, sehemu ya chini ya kwapa huingia, lakini tezi zilizo juu zaidi, nyuma ya msuli mdogo wa kifua na kuupita, hazifikiwi. Isitoshe, titi lenye tishu nzito huonekana jeupe kwenye picha, na uvimbe nao huonekana mweupe, hivyo kimoja huweza kujificha ndani ya kingine. Mamografia safi maana yake ni kwamba kile kilichoingia kwenye picha hakikuonyesha tatizo.

Sasa tezi yenyewe. Tezi ya limfu yenye afya hufanana na haragwe: gamba jembamba jeusi kwa nje, na katikati mafuta yanayong'aa, ambamo mishipa ya damu huingilia. Wengi wetu hutumia milimita 3 kama mpaka wa unene wa gamba. Urefu wa tezi nzima ni kigezo dhaifu, kwani nimekwisha kuona tezi ya sentimita 3 iliyojaa mafuta ikiwa nzima kabisa, na ya milimita 8, ya mviringo, isiyo na mafuta hata kidogo, ikiwa na saratani. Katika maelezo ya dada Subira, kilichomfanya msomaji wa picha aandike neno "shaka" bila shaka ni ule unene wa upande mmoja. Majimaji ya limfu huingia kwenye tezi kupitia pembezoni mwa gamba, kwa hiyo seli za saratani zinazosafiri nayo hutua hapo kwanza, na gamba huvimba mahali hapo kabla ya sehemu nyingine. Hata hivyo, kifua kikuu, limfoma (saratani ya seli za limfu) na hata chanjo ya hivi karibuni huweza kunenepesha gamba. Picha hutuonyesha umbo. Jina la ugonjwa hatuwezi kulisoma humo.

Kuhusu deodoranti, hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba husababisha saratani. Jambo moja la kweli ni kwamba unapokwenda kupigwa mamografia unatakiwa uifute, kwa sababu madini ya alumini yaliyomo huweza kuonekana kwenye picha kama chembe za chokaa, na chembe hizo ni miongoni mwa dalili tunazozitafuta.

#4 Paka_Watatu
Naomba niulize jambo ambalo huenda likaonekana dogo. Dada Subira, umekwaruzwa na paka miezi ya karibuni, hasa paka mchanga? Binti yangu alivimba tezi ya kwapa wiki mbili baada ya kukwaruzwa kwenye kifundo cha mkono. Ultrasaundi ilisema "inatia shaka" kama ya kwako, na nyumba nzima haikulala. Damu ilipopimwa zikakutwa kingamwili dhidi ya bakteria aitwaye Bartonella henselae. Tezi ilinywea yenyewe ndani ya miezi mitatu bila kisu.

#5 Hadubini_Mezani
Mimi ni daktari wa patholojia, na neno granuloma ndilo ninaloulizwa kuliko mengine yote, kwa hiyo niruhusuni nichukue nafasi.

Granuloma ni mpangilio wa seli, si jina la ugonjwa. Mwili unapokutana na kitu usichoweza kukiua wala kukiyeyusha upesi, seli walaji hukusanyika na kukizingira, hubadilika umbo na kuwa bapa, na nyingine huungana kuwa seli kubwa moja yenye viini vingi. Tunachouliza tukiona mzingo huo ni nini kilichozingirwa, na jibu lake mara nyingi halimo katika zile seli zilizozingira.

Katika kifua kikuu, katikati ya granuloma huwa na uozo mkavu unaofanana na jibini, na viini vya seli kubwa hujipanga pembeni kama kwato. Katika ugonjwa wa mkwaruzo wa paka alioutaja mwenye post #4, katikati huwa na usaha uliochanika kama nyota. Katika sarkoidosi, ugonjwa usiojulikana chanzo ambao hujaza granuloma mwilini, hizo huwa zimeshikamana, nadhifu, bila uozo. Zipo pia zinazotokana na fangasi, na zinazotokana na vitu vigeni kama silikoni iliyovuja kutoka kwenye titi la bandia au wino wa tatuu uliosafirishwa na limfu hadi kwapani. Nimekwisha kupasua tezi nyeusi tii nikidhani ni melanoma, kumbe ni wino wa tatuu ya begani.

Halafu kuna hali ambayo kila mwanapatholojia huiogopa. Tezi inayopokea limfu kutoka kwenye saratani huweza kutengeneza granuloma bila seli hata moja ya saratani kuwamo ndani yake. Katika saratani za kawaida jambo hili limeripotiwa kwa takriban asilimia 4 ya wagonjwa, na katika limfoma ya Hodgkin kwa takriban asilimia 14. Hapo ndipo lilipo jibu la swali la dada Subira kuhusu sindano ya pili: jibu la kwanza limesema lilichokiona, na bado halijaeleza kwa nini kipo.

Nina maswali mawili kwako, dada. Jibu la maabara lilitaja uozo au halikuutaja? Na mtu yeyote wa karibu nawe amewahi kutibiwa kifua kikuu?

#6 Mama_Pacha
Nimesoma #5 mara mbili kwa sababu ndiyo yaliyomkuta dada yangu wa tumbo moja, ingawa kwake hazikuwa granuloma. Alikuwa na mtoki kwapani, mamografia safi, ultrasaundi ya titi safi. Sindano nyembamba ilirudisha jibu la "seli chache, hazitoshi kutoa uamuzi", na hospitali aliyokuwa akitibiwa ikalichukua jibu hilo kana kwamba limesema hakuna ugonjwa. Ilipita miezi mitano. Sindano nene ilipochukua kinyama, ikakutwa ni saratani inayotoka kwenye titi, na ni MRI iliyoonyesha chanzo chake, uvimbe wa milimita 6 ndani kabisa karibu na ukuta wa kifua. Ametibiwa na yupo hai, namshukuru Mungu. Lakini miezi ile mitano bado inaniuma kila ninapoikumbuka. Dada Subira, tafadhali usilisome neno "hazikuonekana" kama "hazipo".

#7 Mtulivu77
Asanteni kwa kunisahihisha, na nakiri kwamba habari ya granuloma sikuijua. Ila suala la sindano kusambaza ugonjwa sijaona aliyelijibu, na wengi mtaani tunaliamini. Babu yangu alichomwa uvimbe wake na baada ya miezi miwili alifariki.

#8 Kisu_na_Uzi
Pole kwa babu, ndugu Mtulivu77. Mara nyingi mtu huchomwa sindano wakati ugonjwa umekwisha kufika mbali, na kwa kuwa kifo hufuata sindano, sindano ndiyo hubeba lawama. Mimi ni daktari wa upasuaji, na jibu langu ni kwamba seli chache huweza kusukumwa kwenye njia ya sindano, hilo limeonekana chini ya hadubini, lakini nyingi hufa zenyewe, na ugonjwa kuota kwenye njia hiyo ni nadra sana. Ukiliweka hilo kwenye mizani na hatari ya kutibu ugonjwa usioujua, mizani hailingani hata kidogo.

Tofauti ya sindano hizi mbili ieleweke vizuri. Nyembamba, ya geji 22 hadi 25 (namba ikiwa kubwa, sindano ni nyembamba), hufyonza seli moja moja zilizoachana, kama kuokota punje za mahindi ukitaka kujua gunzi lilikuwaje. Nene, ya geji 14 kwa kawaida, hukata ujiti mdogo wa nyama ambao seli zake bado zimekaa katika mpangilio wao. Kwa saratani iliyosafiri kutoka kwenye titi, ujiti huo mara nyingi hutosha. Kwa limfoma, mara nyingi hautoshi, na hapo mimi hupendelea kutoa tezi nzima.

Kabla ya sindano yoyote, mwangalie damu inavyopita ndani ya uvimbe kwa Dopla. Mshipa wa ateri uliotanuka huweza kupapaswa kama mtoki, na huo hauchomwi. Na mgonjwa akihisi kama umeme umeteremka mkononi hadi vidoleni sindano inapogusa uvimbe, aseme mara moja, kwa kuwa huenda si tezi bali ni uvimbe wa neva.

#9 Hadubini_Mezani
Naunga mkono #8, na naongeza kitu ambacho huharibu kesi nyingi kabla hazijafika mezani kwangu: chupa. Kinyama chote kikitumbukizwa kwenye fomalini, bakteria wote hufa, na hapo otesho la kifua kikuu, yaani kuwaotesha bakteria wake maabara, haliwezekani tena. Kikiwekwa chote kwenye maji ya chumvi na kucheleweshwa, seli huharibika na mimi siwezi kuzisoma. Pakiwa na shaka ya limfoma, sehemu inatakiwa ifike ikiwa mbichi ili seli zihesabiwe kwa aina zake. Kwa hiyo mwambie anayekuchoma, kabla hajaanza, kwamba unaomba vijiti vigawanywe: vingine kwenye fomalini, vingine kwenye maji ya chumvi kwa ajili ya GeneXpert (kipimo kinachotafuta vinasaba vya bakteria wa kifua kikuu) na otesho. Si utovu wa adabu kuuliza hivyo.

#10 Subira_Njema
Nawashukuru wote. Nitajibu mliyouliza.

Jibu la sindano nyembamba halikutaja uozo. Paka sina, ila ofisini kwetu kuna paka mchanga aliyeokotwa, na nimekuwa nikimlisha, sikumbuki mkwaruzo. Mdogo wangu alitibiwa kifua kikuu miaka miwili iliyopita tukiwa nyumba moja, na mimi wakati huo nilipimwa nikakutwa sina. Nilichanjwa kwenye bega la kushoto kama miezi mitatu iliyopita. Tatuu sina wala titi la bandia. Sina homa, sijapungua uzito, ila nilikuwa na kikohozi kikavu kwa mwezi mzima ambacho sikukijali.

Nikiangalia orodha hii naona nimewapa kila mmoja wenu sababu ya kuamini maelezo yake.

#11 Paka_Watatu
Mkwaruzo huweza kuwa mdogo usikumbukwe. Narudia: omba damu ipimwe.

#12 Mzee_wa_Kibanda
Kikohozi pamoja na mdogo aliyetibiwa, mimi nimekwisha kuona mwelekeo. Nilipata kifua kikuu cha tezi nikiwa na miaka 58. Mitoki ilianzia shingoni ikashuka kwapani, ikashikamana kama shanga zilizoyeyukiana, halafu mmoja ukatoboka na kutoa usaha usio na joto. Eksirei ya kifua ilikuwa safi na makohozi hayakuwa na kitu, kwa hiyo kwa miezi miwili niliambiwa sina. Kinyama ndicho kilichosema kweli.

Jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi: nilipoanza dawa, mitoki ilivimba zaidi mwezi wa pili. Nilitaka kuziacha nikidhani hazifanyi kazi. Daktari akanieleza kwamba ni kinga ya mwili iliyoamka, na kweli baadaye ikanywea.

#13 Picha_za_Ndani
Mzee wangu, ushuhuda wako ni wa thamani, lakini mitoki yako iliyoshikamana na kutoboka ni picha tofauti na tezi moja inayoteleza. Mimi nitaisogeza chanjo mbele kidogo. Wakati wa chanjo za Uviko-19 tulifurika wanawake wenye tezi zilizovimba upande wa mkono uliochanjwa, na tukajifunza kuuliza tarehe na bega kabla ya kuandika neno lolote. Tezi za namna hiyo kwa kawaida huwa na gamba lililonenepa pande zote kwa usawa, nazo hurudi zenyewe, ingawa baadhi huchukua wiki nyingi. Miezi mitatu ni mingi, na unene wa upande mmoja haukai vizuri na maelezo haya, lakini siwezi kuyafuta.

#14 Kwapa_Langu
Nimesoma uzi huu wote kwa sababu nina vinundu kwapa zote mbili vinavyouma, hupasuka, hupona na kuacha makovu, kisha hurudi. Je, na mimi nichukuliwe kinyama?

#15 Kisu_na_Uzi
Unavyoeleza kunafanana na hidradenitisi, ugonjwa wa kuziba kwa vinyweleo unaoleta majipu yanayojirudia na kuchimba vijia chini ya ngozi. Huo hutambuliwa kwa macho na historia, na mara nyingi kinyama hakihitajiki. Hautokani na uchafu, kwa hiyo usikubali kuambiwa huogi. Mwone daktari wa ngozi, na kama una maswali zaidi ufungue uzi wako ili tusimpoteze dada Subira.

#16 Wa_Miezi_Sita
Nimesita kuandika, lakini #5 imenilazimisha. Nikiwa na miaka 26 nilikuwa na mtoki kwapani na mwingine juu ya mfupa wa bega. Sindano nyembamba ilisema granuloma, nikaanzishwa dawa za kifua kikuu bila kipimo kingine chochote, na nilizimeza miezi sita kamili bila kukosa siku. Mitoki haikupungua. Nikaanza kutoka jasho la usiku hadi shuka linakamulika, nikapungua kilo tisa. Daktari mwingine alitoa tezi nzima, na ikawa ni limfoma ya Hodgkin. Sijawahi kupata maelezo ya nani alikosea na wapi. Simshutumu aliyesoma kioo cha hadubini cha kwanza, kwa maana naambiwa granuloma zilikuwepo kweli. Ninachosikitikia ni kwamba dawa ziliendelea mwezi wa tatu, wa nne na wa tano huku tezi ikiwa vilevile, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

#17 Hadubini_Mezani
Ndugu yangu #16, pole, na asante kwa kuliandika. Naeleza kwa nini linawezekana, ili isidhaniwe ni uzembe peke yake. Katika limfoma ya Hodgkin, seli zenye ugonjwa wenyewe huweza kuwa takriban asilimia 1 tu ya seli zote za uvimbe. Zilizobaki ni seli za kinga zilizoitwa pale, na wakati mwingine granuloma zikiwa miongoni mwake. Thomas Hodgkin aliueleza ugonjwa huu mwaka 1832 kwa kuangalia tezi kwa macho matupu, na zile seli kubwa zenye viini viwili kama macho ya bundi zilielezwa kwa ukamilifu na Carl Sternberg mwaka 1898 na Dorothy Reed mwaka 1902. Hata leo, sindano nyembamba huweza kupita katikati ya tezi nzima isiziguse. Tukipata kipande cha kutosha hukipaka rangi za kingamwili, na zile za CD30 na CD15, alama zinazokaa kwenye seli hizo, huzifanya zijitokeze.

Ila kuhusu miezi ile ya tatu, nne na tano sina utetezi wa kumpa yeyote. Tezi isiyosikia dawa ni jibu la kipimo, na lilipaswa kusomwa.

#18 Mtulivu77
Nimekaa kimya nikisoma. Nafuta ushauri wangu wa #2 wa kuanza dawa mapema. Sikujua mtu huweza kumeza dawa za ugonjwa asio nao kwa nusu mwaka.

#19 Subira_Njema
Nimerudi baada ya siku 19. Sindano nene ilifanyika. Kabla haijaanza niliuliza kuhusu chupa mbili, na daktari aliyekuwa akinichoma akanitazama, akatabasamu, akamwambia muuguzi alete ya maji ya chumvi ambayo haikuwa mezani. Vijiti vitano vilichukuliwa, na ndani ya tezi kikaachwa kipande kidogo cha chuma kama alama. Sikuhisi umeme wowote mkononi.

Majibu ni haya: granuloma nyingi zilizoshikamana, bila uozo. Rangi ya Ziehl-Neelsen, ya kutafuta bakteria wa kifua kikuu, haikuonyesha bakteria. Rangi za fangasi hazikuonyesha kitu. GeneXpert haikukuta kifua kikuu. Rangi za sitokeratini hazikuonyesha seli za saratani ya titi, na CD30 nayo haikuonyesha kitu. Otesho bado linasubiriwa. Mwishoni mwa ripoti pameandikwa: "linganisha na picha na hali ya mgonjwa".

#20 Picha_za_Ndani
Hongera kwa kuuliza. Kwa upande wangu, swali baada ya kila kinyama ni moja: je, jibu la maabara linaeleza kile nilichokiona kwenye picha? Granuloma nyingi huweza kunenepesha gamba kufikia milimita 5, kwa hiyo naona vinapatana. Kipande cha chuma kitatusaidia kujua siku zijazo kwamba tezi iliyochomwa ndiyo tunayoifuatilia.

#21 Kisu_na_Uzi
Mimi siridhiki kwa kiasi hicho. Vinapatana na nini? Tumethibitisha kwamba kuna granuloma, jambo tulilolijua tangu #1. Vijiti vitano kutoka kwenye tezi ya milimita 19 ni vizuri, lakini sehemu kubwa ya tezi bado imo ndani. Baada ya kusoma #16 ningependekeza itolewe nzima.

#22 Hadubini_Mezani
Daktari mwenzangu, naelewa hofu yako, ila ningesubiri. Ziehl-Neelsen hailioni tatizo mpaka bakteria wawe wengi, na katika tezi huwa wachache. GeneXpert ina uwezo mkubwa zaidi lakini nayo hukosa baadhi, hivyo kifua kikuu bado hakijatoka mlangoni. Otesho katika chombo cha majimaji hupewa hadi siku 42 kabla ya kutangazwa kuwa halikuota kitu. Wakati huohuo, granuloma nadhifu zisizo na uozo pamoja na kikohozi kikavu zinanivuta kwenye sarkoidosi, na hiyo haithibitishwi kwa kioo changu peke yake, kwa sababu ni utambuzi unaofikiwa baada ya kuondoa mengine. Kifua kipigwe CT ili tezi za katikati ya mapafu zionekane, na macho yachunguzwe.

Na bado namkumbuka dada yake Mama_Pacha. Titi lenye mamografia safi halijapigwa MRI.

#23 Mama_Pacha
Nilikuwa naandika hilohilo.

#24 Mzee_wa_Kibanda
Na mimi bado nasema ni kifua kikuu, ila nitangoja hizo siku 42.

#25 Picha_za_Ndani
Kabla mtu hajapendekeza PET, niseme mapema: kipimo hicho hufuatilia seli zinazokula sukari kwa wingi, na granuloma za sarkoidosi na za kifua kikuu huila kama saratani inavyoila. Itawaka tu, na tutarudi palepale. Pengine itaonyesha tezi nyingine iliyo rahisi zaidi kuitoa, na hiyo ndiyo faida ninayoiona kwake.

#26 Subira_Njema
Nimezungumza na daktari wangu leo nikiwa na maandishi yenu mkononi. CT ya kifua imepangwa Alhamisi, na MRI ya matiti wiki ijayo. Kuhusu kutoa tezi nzima, amesema ataamua otesho likitoka au tezi ikikua, lolote litakalotangulia, na ultrasaundi itarudiwa baada ya wiki sita. Dawa hajanipa hata moja. Nimeomba vioo na vipande vya nta vya sindano zote mbili vikae pamoja, ili mwanapatholojia wa pili avisome akivilinganisha.

#27 Paka_Watatu
Na Bartonella?

#28 Subira_Njema
Damu imetolewa leo asubuhi.